Rangi ya Heroe Kolani

Mimi ni dobi, na mume wa dobi hana pa kuficha kitu. Nguo zake zote hupita mikononi mwangu. Ndiyo maana siku nilipoona doa la waridi kwenye kola ya shati lake jeupe la kazini, niliketi kando ya beseni nikalitazama mpaka povu likaisha. Lilikuwa doa la mafuta. Maji yalilipita juu bila kuligusa.

Mtaani wanamwita Korongo kwa sababu ya miguu yake mirefu na myembamba. Kazi yake ni kulisha heroe, wale ndege wa waridi wenye shingo ndefu, kwenye bustani ya ndege nyuma ya stesheni. Nilipomuuliza kuhusu lile doa, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani kwamba ni rangi ya ndege. Alijibu haraka mno. Msema kweli hufikiri kidogo kwanza.

Nilikuwa na unyoya wa heroe aliowahi kuniletea, nimeuchomeka pembeni mwa kioo. Nikauloweka kwenye maji ya moto na sabuni, nikausugua kama soksi ya mwanafunzi. Maji yakabaki safi. Damu ikanichemka. Wifi yangu, dada yake Korongo, ambaye huja kunisaidia kupiga pasi, akasema nisimhukumu kaka yake kwa unyoya mmoja, niende nikajionee mwenyewe. Nikaona huyu naye yumo. Wametoka tumbo moja, lazima wafichiane.

Nilikwenda bila kuaga. Nilimkuta kwenye banda la chakula, amevaa aproni na glavu, anakoroga uji mzito wa uduvi uliosagwa na unga mwekundu. Hakushtuka kuniona, na hilo nalo likanitia wasiwasi. Akaanza kunifundisha: heroe huanguliwa wakiwa wa kijivu, na huko maziwani rangi huipata kwa kula uduvi na mimea midogo sana inayoota majini. Hapa bustanini asipowatilia ule unga, hupauka mpaka wakawa weupe. Nikawatazama wakila. Walipindua vichwa juu chini ndani ya maji, midomo inachuja tope na kubakiza chakula. Kwa hasira niliyokuwa nayo, hata kula kwao nilikuona kumejaa hila.

“Hayo ni ya tumboni,” nikamwambia. “Mimi nimeuliza ya kolani.”

Akacheka. Akaingia bwawani, akamkamata mmoja aliyetakiwa kuchunguzwa mguu, akambana kwapani, na shingo ya yule ndege ikamlalia begani. Akanieleza kwamba huu ulikuwa msimu wa kutafuta wenza. Karibu na mkia wana mafuta yenye rangi, na hao mabwana na mabibi huyachota kwa shavu wakajipaka shingoni ili wapendeze. Nikatoa leso yangu nyeupe, nikaipitisha kwenye shingo ile. Ikatoka na waridi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya ndege wake, naye akanisamehe taratibu, kama mtu mwenye kifua. Jioni nikampikia anachokipenda. Baada ya hapo madoa yale niliyafua kwa raha, wakati mwingine nikiimba. Wifi akawa ananitania kwamba hajapata kuona dobi anayebembeleza uchafu.

Kisha heroe wakaangua. Korongo alirudi na habari hiyo amechangamka, akatusimulia mezani, mimi na dada yake, jinsi baba na mama wote wawili wanavyomlisha kinda maziwa mekundu yanayotoka kooni mwao. Rangi yao yote inakwenda kwenye maziwa hayo, alisema, mpaka wao wenyewe wanachujuka.

“Kujipaka wameacha kabisa,” akasema. “Ukimwona mama mtu sasa hivi, utadhani mke wangu amemloweka kwenye dawa ya madoa. Na wala hatuwashiki, tusije tukawatibua na makinda yao.”

Alisema kwa huruma ya kweli, sauti imemlegea. Nilimpenda sana wakati ule.

Nikatamani kuwaona. Nikampelekea chakula cha mchana, naye akanisimamisha kwenye uzio. Walikuwa wamepauka kweli, kama mashuka ya wageni. Mmoja akanyoosha shingo kuja upande wetu akidhani nimeleta uji, nami kabla Korongo hajanizuia nikampitishia leso, kwa mazoea tu. Ikatoka nyeupe vilevile. Korongo akaniuliza si alikuwa ameniambia.

Siku ya kufua nikatoa shati lake kwenye kapu. Kolani, palepale pa siku zote, palikuwa na doa la waridi. Nikalimwagia maji. Yakalipita juu.

Nikakaa kwenye beseni lililopinduliwa. Doa lile lilikuwa na uchungu wake, lakini kilichonikata maini ni yale ya mwanzo. Sikujua tena lipi lilikuwa la ndege na lipi halikuwa, na yote niliyafua mimi, nikiimba.

Jioni nililikunja shati, nikaliweka mezani kando ya sahani yake, kola juu. Wifi akaliona, akainama kutafuta chini ya meza kitu ambacho hakikudondoka. Korongo akanawa mikono, akaketi.

“Rangi ya ndege hiyo,” akasema, macho kwenye sahani, haraka kama siku ile ya kwanza. Halafu nikamwona anakumbuka. Mkono wake ukabaki juu ya chakula, haushuki wala haurudi.

“Ndege gani?” nikamuuliza.