Kuku Kwenye Imeli ya Vincent

Tangu mwanangu Vincent aende kufanya kazi Doha, amepotea. Simu hashiki, imeli hajibu. Nikaenda saiba ya Derrick, kibanda cha kompyuta na intaneti hapa mtaani Gatina, nikiwa nimefura kwa hasira.

"Auntie, huko anapata imeli mob, yako inapotelea humo," Derrick akasema. "Tuweke vitu za kushtua kwa kichwa cha imeli, ndio aione." Akabandika vile vipicha vidogo vya simu: moto, nyota na king'ora. Wiki ikaisha, kimya.

Nikarudi. "Toa hizo takataka! Mtoto wangu hakulelewa na king'ora. Huko ndani ya vipicha vyako hakuna kuku?"

Derrick akacheka, lakini akamtafuta. Tukatuma kuku peke yake, bila neno lingine.

Kwetu Waluhya, firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mzee wangu alipofariki, nilimpa Vincent, akiwa bado darasa la sita. Alikula akilia.

Kabla sijamaliza kulipa, jibu likaingia. Derrick akanisomea: "Mama, firigisi yangu siku hizi anakula nani?"

Nikapangusa macho kwa leso.

"Mwandikie hakuna anayeigusa," nikasema. "Na sasa weka hicho king'ora chako, aje haraka."