Mikro Zenye Harufu ya Kaikpo

Fundi Glodie alipofungua skrubu ya mwisho na kuinua kibao cha plastiki kilichofunika tumbo la gitaa, mende walitoka wakifuatana, wakubwa mbele na wadogo nyuma, kama familia inayotoka ibadani. Hawakuwa hata na haraka.

"Papa Hippolyte," akasema, turnevis ya kufungulia skrubu ikiwa bado mkononi, "weye ulinambia gitaa imepoteza sauti. Haukunambia kama umepangisha nyumba."

Hippolyte alikuwa amekwisha kutoka nje ya karakana, amejiziba pua kwa ukosi wa shati, anatazama vumbi la mtaa wa Shari kama mtu anayetazama maua. Wengine huzaliwa na kigugumizi, wengine na vidole sita; yeye alizaliwa na pua. Kwenye sherehe za watu alikula ndizi peke yake, kwa sababu ndizi ina ganda na hakuna mkono uliopita ndani. Kumpa maji katika kikombe ambacho hakukiosha mwenyewe ilikuwa sawa na kumtukana.

"Bameisha kutoka?" akauliza kutoka huko huko.

"Baba na mama bameisha. Batoto bangali ndani."

Chini ya ile familia ndipo palipokuwa na aibu yenyewe. Mikro zote mbili, vile vipande vyeusi vinavyolala chini ya nyuzi, vikikamata mtetemo wake na kuupeleka kwenye ampli, kile kikuza sauti, zilikuwa zimezama katika uji mzito wa rangi ya machungwa, na juu ya uji utando wa kijani, na ndani ya utando miguu ya mende waliokufa kabla ya wenzao kufaidi. Yalikuwa mawese. Tena mawese yaliyobarikiwa.

Kosa lilikuwa la Shemasi Lambert, na kidogo la Hippolyte, mpiga gitaa wa kwaya. Kabla ya kampeni ya maombi, vyombo vyote vya kwaya vilipangwa mbele ya mimbari ili vipakwe mafuta, kama ilivyo desturi yao. Ngoma ilipata tone. Synthé, kile kinanda cha umeme, ikapata tone. Mafuta ya zeituni yakaishia hapo, na shemasi akaagiza mawese kutoka nyumbani kwake, kwa maana Mungu haangalii chupa. Alipofika kwenye gitaa akauliza kwa heshima, "Ndugu, sauti ya hii kitu inatokeaka wapi?" Na Hippolyte, badala ya kunyamaza, akamwonyesha mikro kwa kidole. Shemasi akamimina. Mtu ukishamwonyesha shemasi chemchemi, usimdai tone.

Juma lile lile Espérance, dada mkubwa wa Hippolyte, akafa. Na kwao ndugu mwenye msiba hagusi chombo cha muziki mpaka lifike juma la kuvunja matanga. Hivyo gitaa likafungwa ndani ya mfuko wake bila kupanguswa, likasimamishwa kwenye stoo ya kanisa, kwenye joto na giza, likinukia vizuri kwa kila kiumbe chenye miguu sita.

Sasa matanga yalikuwa yanavunjwa Jumamosi hii. Espérance, aliyemlea Hippolyte kwa kuuza samaki wa Kasenyi sokoni, aliacha neno moja tu kuhusu siku hiyo: apige Hippolyte wimbo wake, ule Hippolyte aliomtungia dada wakati angali mvulana, na apige kwa gitaa. Synthé hakuitaka. "Ile inalia kama mbuzi ya plastiki," alisema, na hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho yenye akili. Lakini Gracia, binti wa Espérance, anayepanga sherehe, alikuwa ameshamwita mpiga synthé.

"Noko," alimwambia Hippolyte, mjomba wake, "mama alisema gitaa, nimesikia. Lakini kama gitaa haiko, batu batacheza na kimya?"

Glodie alichokonoa uji kwa kijiti, akaunusa, akaurudisha. Hippolyte alifumba macho.

"Uzi ya ndani imeliwa na kutu," akasema Glodie. "Hizi zimekufa, Papa. Tutafute zingine."

*

Duka la Laurent karibu na soko liliuza vitu vyote vinavyotoa kelele. Laurent mwenyewe alikuwa anakula sambusa. Aliwatolea kisanduku cha mikro mpya zenye mifuniko ya dhahabu, akazipangusa kwa vidole vile vile vya sambusa, na juu ya dhahabu ikabaki alama ya kidole yenye punje ya kitunguu.

"Hii ni orizinali, Papa. Ya Amerika. Hata ukiweka kwa ufagio, ufagio itaimba."

"Punje," akasema Hippolyte.

"Punje gani?"

"Pale. Juu ya Amerika."

Laurent akaila.

Glodie alichomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaigusisha kwenye mikro ili aone kama sumaku ya ndani yake itaishika. Pini ikaanguka sakafuni bila hata kusitasita. Hata hivyo waliijaribu. Glodie alikuwa amekwisha kusafisha gitaa mpaka mbao zikaonekana, na walikuja nalo. Akaibandika ile mikro chini ya nyuzi kwa utepe wa gundi, akaunga nyaya zake, na Hippolyte akapiga mstari wa kwanza wa wimbo wa dada. Ilitoka sauti ya nzige aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa.

"Itazoea," akasema Laurent.

"Nani atazoea? Yeye ao mimi?"

Laurent hakukata tamaa. Akatoa jozi nyingine, nzito na pana, zilizong'olewa kwenye gitaa lililovunjika shingo huko Nyankunde. Sumaku ya hizi ilikuwa ya kweli. Nusura imnyang'anye Glodie turnevis. Lakini Hippolyte alipopiga, sauti zilishikana kama bugali uliokosa moto. Wimbo wa Espérance una mahali ambapo nyuzi mbili nyembamba zinakimbizana, moja inauliza na nyingine inajibu kabla swali halijaisha. Hapo kila noti lazima isimame kwa miguu yake. Kwa mikro za Nyankunde ziliangukiana zote shimoni.

"Iko na nguvu!" akapiga kelele Laurent, akitikisa kichwa kama mpenzi wa muziki.

"Nguvu ya nini? Mimi nataka wimbo ya dada. Sitaki lori inapanda mulima."

Walitoka. Kwenye kona Glodie akasema bila kumtazama, "Iko mikro za sauti ile unatafuta. Unazijua na weye."

"Hapana."

"Za Baudouin."

"Heri synthé," akasema Hippolyte, na palepale akasikia mbuzi wa plastiki akilia juu ya kaburi la dada yake, akashika njia ya kwa Baudouin.

*

Zamani Hippolyte na Baudouin walipiga pamoja katika baa moja mjini. Baudouin alikuwa na vidole vya malaika na tabia za nguruwe. Alilamba kila kidole kabla ya kuanza seben, pale gitaa linapokimbia ili watu wacheze. Alichomeka sigara yake inayowaka kati ya nyuzi, majivu yakaingia humo humo. Jioni moja, katikati ya seben, alitapika juu ya gitaa lake, akalipangusa kwa mkono wa shati, akaendelea bila kupoteza hata noti moja, na watu wakapiga makofi wakidhani ni ufundi mpya. Hippolyte aliweka gitaa lake chini, akatoka, na Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kwaya. Wengine huokoka kwa mahubiri. Yeye aliokoka kwa kichefuchefu.

Walimkuta Baudouin ameketi mlangoni kwake, mguu mmoja ndani ya beseni.

"Eeh! Pua amefika kwetu!" akapaza sauti. "Leo mvua itanyesha mawe. Karibu, Pua. Ukae. Hapana, pale kuku alipita. Pale vilevile."

Hippolyte alibaki amesimama. Gitaa la Baudouin lilikuwa limening'inia ukutani juu ya madumu ya kaikpo, ile pombe kali ambayo mke wake alikuwa anapika, na mvuke wa miaka yote ulikuwa umelipaka ngozi ya pili, nyeusi, yenye kunata, yenye manyoya ya kuku. Mikro zake hazikuonekana kabisa. Palikuwa na vichuguu viwili tu chini ya nyuzi.

Glodie aliunga gitaa kwenye ampli ndogo ya betri aliyokuja nayo. "Piga, Papa."

"Apige yeye."

"Mimi?" Baudouin akainua mikono. Vidole vyake vilikuwa vimevimba vikawa mafundo matupu. "Hizi si vidole tena, ndugu yangu. Ni tangawizi. Piga weye."

Hippolyte akalishika gitaa kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Shingo ya gitaa ilikuwa imepinda, haliwezi tena kupigwa wimbo mzima. Lakini alipogusa zile nyuzi mbili nyembamba, moja iliuliza, na nyingine ikajibu, na kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha mtu. Noti zilitoka ndani ya ule uchafu zikiwa kavu na safi, kama mayai.

Jambo hilo lilimchukiza kuliko mende wote.

"Espérance alinilisha wakati hata mama yangu alinifukuza," akasema Baudouin, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Chukua. Lakini usizioshe. Umesikia, Pua? Ile uchafu ndiyo inashika uzi."

"Ni kweli," akasema Glodie. "Uzi ya ndani iko nyembamba kama unywele, na imezeeka. Tuache hivyo."

Alizing'oa pale pale na kuzifunga kwenye gazeti. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwake, hakuweza kusude, yaani kuunga nyaya kwa risasi ya moto, mpaka kesho asubuhi. Akamkabidhi Hippolyte gazeti, na hilo ndilo kosa lake Glodie: huwezi kumwachia paka maziwa, wala kumwachia Hippolyte uchafu.

*

Hippolyte alijizuia mpaka alipofika nyumbani. Aliweka gazeti mezani. Akaona meza imechafuka. Akaliweka dirishani, akasikia harufu ya kaikpo, ya moshi wa sigara, na ya ile jioni ya baa. Akajiambia atapangusa juu juu tu. Baada ya muda mfupi alikuwa na beseni la maji ya moto, Omo, na mswaki wa zamani, anasugua mikro ya kwanza kama anayeitafutia wokovu.

Maji yakawa meusi. Yakawa meusi tena. Kisha kutoka pembeni ya ile mikro kikajitokeza kitu cha manjano kilichopinda, kikaelea juu ya povu. Hippolyte akainama kukitazama. Ulikuwa ukucha. Ukucha mzima wa mtu.

Alikimbilia nyuma ya nyumba, akarudisha ndizi zote za siku hiyo. Aliporudi hakuweza tena kulitazama beseni. Mikro ya pili akaifunga kwenye gazeti lake kama ilivyokuwa, kwa kutumia vijiti viwili.

Asubuhi Glodie aliziunga zote kwa nyaya, akagonga moja kwa ncha ya turnevis. Ampli haikusema kitu. Akagonga tena. Kimya. Akainua ile mikro puani.

"Uliosha."

"Nilipangusa tu."

"Inanuka Omo, Papa Hippolyte. Hii mikro inanuka kama shuka ya arusi." Akaitupa kwenye meza. "Uzi imekatika ndani. Umeiua."

Hippolyte aliwaza synthé ikifunguliwa miguu yake uani kwa Espérance. Glodie akagonga ile ya pili, yenye kichuguu chake. *Tok!* ikajibu ampli, kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa jina.

"Na hii uliiacha juu ya nini?"

"Nilitapika," akakiri.

Glodie alicheka mpaka akakaa chini. "Aksanti kwa tumbo yako! Sikiliza sasa. Tuko na moja tu, na nafasi ni mbili. Nikiiweka mbele, karibu na shingo, iko mbali na mukono yako, hautaigusa. Lakini sauti itakuwa nene, zile nyuzi zako mbili zitalala. Nikiiweka nyuma, pale nyuzi zinafungwa, zitasema wazi. Lakini pale mukono yako itailalia wimbo yote. Nichague mimi?"

Hippolyte alikitazama kichuguu. Kulikuwa na unyoya mmoja juu yake, na chini ya unyoya kitu kilichokuwa kimelowa bado, hakutaka kujua kwa nini.

"Iweke nyuma," akasema.

"Hakika?"

"Weka haraka, Glodie, kabla tumbo haijatoa maoni yake."

*

Uani kwa Espérance maturubai yalikuwa yamefungwa, wauza samaki wa soko zima wamekuja na vitenge vya aina moja, na mpiga synthé amesimama kando, mkono wake tayari kwenye kitufe. Gracia alimtazama mjomba wake, akatazama gitaa, akakunja pua.

Hippolyte akalaza mkono.

Jua lilikuwa limepasha ile mikro, na kichuguu kikalainika. Kiganja chake kilizama kidogo, kikanata. Harufu ikapanda: kaikpo, tumbaku, kuku, na Baudouin wa ujana wake mzima mzima. Akaanza kupiga. Ubeti wa kwanza alipiga amefunga mdomo. Katika wa pili, pale nyuzi nyembamba zinapoanza kukimbizana, tumbo likamjia kooni. Akalimeza, na kwa kulimeza akachelewesha noti moja. Noti hiyo ilining'inia peke yake angani, safi, haina pa kukanyaga, halafu jibu lake likaja.

"Aee, Hippolyte!" akalia mwanamke mmoja, akijishika kichwa. "Anamulilia dada yake!"

Wauza samaki wote wakasimama. Mmoja alianza kucheza kwa namna Espérance alivyokuwa akicheza, nyonga nzito, mikono kama anayepepeta, na uani pakajaa vumbi, machozi na vicheko. Gracia alikuwa amekaa chini, kitenge usoni. Mpiga synthé aliondoa mkono kwenye kitufe, akaenda kutafuta sahani.

Noti ya mwisho ilipokwisha, Hippolyte alibandua kiganja. Kilitoa sauti ya busu.

"Rudia!" wakapiga kelele wale mama. "Papa Hippolyte, rudia! Espérance hakushiba na moja!"

Alitazama kiganja chake, akatazama nyuso zao.

"Nitarudia," akasema. "Mungojee kwanza nivute hewa."

Akageuka kuelekea upande wa upepo, akajaza kifua kama mtu anayetaka kuzama majini, akaurudisha mkono wake palepale.