Mahudhurio ya Jioni

Mama Sindano hakuwahi kuwapenda skauti, na zamani ungemuuliza kwa nini, ungejuta kuuliza. Angekuanzia na kaptula. Mwanamume mzima, ana mke, ana mvi, anatoka nyumbani kwake mchana kweupe magoti nje na filimbi shingoni, halafu watu wanamwita kiongozi! Kutoka hapo angekupeleka kwenye kamba. Kamba chini ya kitanda, kamba kwenye kitasa cha mlango, pazia la sebuleni limefungwa fundo ambalo ukitaka kulifungua sharti umsubiri mwenye nalo arudi kazini. Akifika kwenye kambi, sauti ilikuwa inashuka. Kila likizo ndefu aliuguza mtoto homa peke yake, mumewe yuko porini anawafundisha watoto wa watu kuwasha moto kwa njiti moja.

"Na jiko langu mwenyewe," alikuwa akisema, "hajui hata linawashiwa upande gani."

Mume huyo kundi zima lilimwita Kamba, wakubwa kwa wadogo, mpaka na mkewe akazoea. Alikuwa fundi umeme siku za kazi, skauti siku zilizobaki. Mwaka huu ini lilimlaza kitandani na halikumwamsha. Skauti walikuja mazikoni na kaptula zao, wakasimama mistari miwili, na Mama Sindano akapita katikati yao akiwaza kwamba soksi zile nyeupe lazima ziliroweshwa usiku kucha.

Hakulia. Watu walimsifu kwa kujikaza kisabuni, lakini hakuwa amejikaza. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu, basi. Alirudi kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye ile mashine kubwa ya pasi, shuka linaingia likiwa na unyevu upande huu na kutoka limekauka upande wa pili, yeye anashika pembe mbili na mwenzake mbili, wanakunja. Mashuka ya wodi alimolazwa mumewe nayo yalipita mikononi mwake. Hakuyatambua, kwa sababu yote yanafanana.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na binti yake, msichana mwembamba wa darasa la sita ambaye baba yake ndiye aliyempachika jina la Sindano. Hawakugombana wala hawakuongea. Walipika, wakala, wakaosha vyombo. Wakija wageni wakasema "marehemu", mama na mtoto wote wawili waliangalia pembeni. Kati yao wenyewe neno lenyewe halikutamkwa hata mara moja. Walisema "wakati ule", wakasema "yaliyotokea", na redio wakaiacha inaongea.

Ndipo Sindano, mikono ikiwa kwenye povu la sabuni, akasema, "Mama, naenda kambini."

"Nenda," akasema mama yake.

Aliyemjua Mama Sindano angedhani amepagawa. Yeye aliyewahi kuapa kwamba mtoto wake hatavaa skafu ile yeye akiwa hai! Lakini kukataa kulitaka sababu, na sababu zilitaka nguvu, na yeye nguvu zake zote ziliishia kwenye kuamka asubuhi. Mtoto alifunga begi mwenyewe. Akaomba hema la baba yake lililokuwa juu ya kabati, akapewa.

Siku chache baada ya mtoto kuondoka, simu ilimkuta Mama Sindano kwenye mashine ya pasi. Alikuwa Kiongozi, yaani yule fundi bomba aliyekuwa msaidizi wa Kamba na sasa ndiye mkubwa wa kundi.

"Shemeji, kesho ni siku ya wazazi. Uje."

"Nina zamu."

"Shemeji, nakuomba kwa heshima zote. Ni Sindano."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amegoma."

"Amegoma kula?"

"Kula anakula, mashallah, tena anaongeza. Amegoma kujibu. Njoo tu, mambo haya hayasemeki kwenye simu."

"Shoga, shuka linaungua!" mwenzake alipiga kelele kutoka upande wa pili. Kisha, alipoelezwa, akasema, "Wewe nenda. Zamu yako nitaishika mimi. Na umlete huyo mtoto nyumbani, wasije wakamgeuza naye akawa mwehu wa kufunga mafundo."

Kambi ilikuwa kwenye uwanja mpana nyuma ya msitu wa kupandwa, mahema yamepangwa nusu duara, mlingoti katikati. Moshi ulikuwa mwingi kuliko moto. Kiongozi alimpokea mbali na wazazi wengine, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza Mama Sindano aliona kuwa magoti ya yule bwana yalikuwa na makovu ya kupiga magoti chini ya masinki ya watu.

"Kosa ni langu, shemeji," alisema. "Unajua mahudhurio yetu ya jioni?"

"Sijui."

Basi akamweleza. Kila jioni, kabla bendera haijashushwa, majina huitwa kwa kichwa, bila orodha, moja moja. Aliyepo hujiitikia. Asiyekuwepo huitikiwa na mtu wa hema lake, aseme alipo: yuko kisimani, yuko jikoni, ameacha kundi. Kiongozi hulirudia jibu hilo kwa sauti, na mambo yanasonga. Jina halipiti kimya. Kanuni hiyo aliiweka Kamba mwenyewe, baada ya safari moja walipovuka mto, wakafika ng'ambo, wakala na kuimba, kumbe mtoto mmoja amebaki upande wa pili analia. Jina lake lilikuwa limeitwa, hakujibu mtu, na likaachwa lipite.

"Na alitaka niite mimi, msaidizi wake, ili na yeye aitwe kama wengine. Jina lake lilikuwa la mwisho. Sasa jioni ya kwanza ya kambi hii..." Kiongozi aliizungusha kofia. "Ulimi umezoea, shemeji. Nimefika mwisho, nikasema 'Kamba'. Nimelitaja kabla sijajua ninataja nini."

"Si ungesema umekosea?"

"Jina likishaitwa limeitwa. Angenitafuna, unamjua. Na wa hema lake ni mmoja tu, ndiye huyo binti yako aliyekuja nalo. Tukamngoja ajibu. Hakujibu. Kila jioni nalazimika kuliita tena kwa sababu halijajibiwa, na kila jioni tunasimama mpaka giza. Hakuna kula kabla ya bendera, nayo inashuka giza likishaingia. Jana wadogo wamelia kwa njaa."

"Watoto wa watu mnawalaza njaa kwa ajili ya jina?"

"Ndiyo maana nimekuita," alisema Kiongozi, na hakujitetea. "Leo asipojibu, itabidi uondoke naye. Na anayetolewa kambini kwetu harudi tena kundini. Itaniuma, lakini siwezi kuwa na kanuni ya watoto wa watu na nyingine ya mtoto wa Kamba."

Mama Sindano alingoja furaha ije. Miaka yote hii alikuwa akililia jambo hilohilo, na leo amepewa mkononi bila hata kugombana: skauti watoke nyumbani kwake, kaptula, filimbi na yote. Furaha haikuja. Wala huzuni haikuja. Alisema, "Haya, nitaondoka naye," kama mtu anayekubali kubadilishiwa zamu.

Sindano alimkaribisha hemani kikakamavu, akampigia saluti, akampa kikombe cha chai iliyonuka moshi na yenye majivu juu. Jua lilikuwa limembabua pua. Mama aliketi juu ya begi, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kukalia.

"Kwa nini unawasimamisha wenzio?"

"Sijawasimamisha mimi. Ni kanuni."

"Usinijibu kama baba yako."

Mama akapuliza majivu ya kwenye chai.

"Si useme tu neno, mwanangu, watu wakale."

"Neno gani?"

"Lolote. Sema yuko kazini."

"Huo ni uongo. Skauti hasemi uongo."

"Basi sema lile jingine."

"Lipi?" Sindano alimtazama usoni, bila kupepesa. "Lipi, mama? Nitajie, na mimi nitalisema."

Mama Sindano alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mzito, umelala tu pale ndani. Akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja, na majivu yake, akarudisha kikombe.

"Funga vitu vyako," alisema. "Jioni tunaondoka."

Sindano alianza kukunja blanketi. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, akalifungua, akalikunja tena. Mama yake alimwona, akageuka, akatoka nje.

Jua liliposhuka filimbi ikalia. Watoto walikimbia wakajipanga mbele ya mlingoti, kila hema na mstari wake. Kwenye mstari wa Sindano alikuwa yeye peke yake. Wazazi walisimama nyuma, wengine tayari wananong'onezana na kumwangalia Mama Sindano kwa jicho la pembeni, maana habari ilikuwa imeshasambaa kuwa mtoto mkaidi ni wa yule mama wa kitenge cha buluu.

Majina yakaanza. "Nipo!" "Nipo!" Mmoja hakujibu, mwenzake akapaza sauti, "Yuko chooni!" na wazazi wakacheka. Kiongozi akalirudia, "Yuko chooni," bila kucheka. Sindano alipoitwa alijibu "Nipo" kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Kamba."

Mtoto mdogo wa mbele alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mbu walikuwa wameanza kazi na hakuna aliyewapiga. Sindano alisimama kidevu juu, midomo ameibana mpaka imepauka, anatazama mbele.

Kiongozi alingoja. Wote walingoja.

Mama Sindano naye alingoja giza liingie, ili yaishe. Ataingia msituni na mtoto, watashika njia, watafika nyumbani. Atapasha chakula. Watakula. Sindano ataosha vyombo, redio itaongea, na kesho hivyohivyo, na mwakani hivyohivyo, yeye na mtoto huyu katika vyumba viwili, kila mmoja akilikwepa neno lilelile kama watu wanaopishana na mbwa aliyelala mlangoni. Mtoto atakuwa mtu mzima. Ataolewa au hataolewa, na hatalisema, kwa sababu mama yake hakulisema.

Aliogopa. Hofu ilimshika ghafla, ya moto, mpaka akashangaa kwamba bado ana mahali pa kushikika.

"Amekufa," alisema.

Sauti ilitoka imekwaruza, na wazazi waliokuwa karibu ndio tu walioisikia. Aliwapita, akaenda mbele mpaka kwenye mstari wa binti yake.

"Amekufa!"

Kiongozi alimgeukia. Uso wake ulikuwa umelowa lakini alijitahidi kusimama wima. "Anajibu nani? Ni wa hema lake tu anayejibu."

"Mkewe. Nimelala naye hema moja miaka yote, ukiacha likizo zenu. Kamba amekufa. Mume wangu amekufa, tumemzika, mlikuwepo."

"Kamba amekufa," Kiongozi akarudia, kama kanuni inavyotaka. Sauti ilimkatika katikati, ikabidi aanze upya. "Kamba amekufa. Mahudhurio yamekamilika."

Bendera ikashushwa, ikakunjwa. Watoto walitawanyika kuelekea kwenye masufuria, mwanzoni polepole, kwa adabu, halafu njaa ikawashinda wakakimbia.

Sindano hakukimbia. Alimgeukia mama yake, akakunja ngumi, akampiga kifuani. Haikuwa kwa nguvu sana. Akampiga tena.

"Kwa nini hukusema nyumbani?"

"Sindano..."

"Kwa nini hukusema nyumbani? Nilikuwa nakungoja! Siku zote nakungoja wewe useme, ili na mimi nilie!"

Mama Sindano alimvuta, na mtoto akalia pale, kwa kelele, kamasi na yote, akiita "Baba" mdomo ukiwa kwenye kitenge cha mama yake. Alilia mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akajifuta pua kwa skafu, akaangalia upande wa moto, ambako wenzake walikuwa wamemwekea nafasi kwenye foleni na mmoja ameshika sahani mbili.

"Nina njaa," alisema, kwa aibu kidogo.

"Nenda ukale."

"Na begi?"

"Liache hemani. Nenda."

Akaenda. Mama yake alimtazama anaingia kwenye foleni, anapokea sahani, mtoto mmoja anamsukuma kwa bega na yeye anamsukuma. Kisha Mama Sindano akakaa chini kwenye majani, mbele ya watu, akamlilia mumewe.