Fardi

Shufaa alidanganya kwa neno moja tu, tena jina lake mwenyewe.

Bi Mayasa, mwenye duka la vitambaa Bagamoyo mjini, alikuja Mlingotini nyumbani kwa Shufaa baada ya Isha na mwalimu wake wa falaki. Mwanawe Zayed alikuwa amemposa Batuli wa Shufaa na posa imekubaliwa, lakini kwao haolewi mtu nyota hazijapimwa. Masheikh wanakemea kila Ijumaa, watu wanaitikia vizuri, kisha wanakwenda kupimiwa vilevile.

Falaki hupigwa kwa jina la mtu na jina la mama aliyemzaa.

"Mama wa binti?" aliuliza Mwalimu Abdullatif, simu mkononi, tayari kujumlisha namba za herufi.

"Shufaa."

Aliyemzaa Batuli alikuwa Mwanabaraka, dada yake mkubwa, aliyefia Fukayosi kwenye uzazi, mumewe keshatangulia. Shufaa, aliyeachwa na mume kwa sababu hazai, alimbeba mtoto akahamia naye pwani, na kwa miaka ishirini na miwili hakumwambia kitu. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Na yeye kalea.

Mwalimu alijumlisha. Akatoka uani, akaelekeza kidole juu.

"Mnaiona ile ya rangi ya chungwa? Haing'ai sana, ila jirani haina. Inaitwa Fardi, yaani ya peke yake. Wengine huiita Moyo wa Nyoka. Mwenye nyota hii, Bi Mayasa, anaowapenda humwondokea, akabaki pekee."

Bi Mayasa akajifunga buibui lake.

"Mimi Zayed ninaye mmoja tu. Mtuwie radhi."

Ndani, Batuli akaanza kulia. Shufaa aliijua sauti ile tangu ya kitovu kibichi, na ilimkata maini.

"Labda jina limekosewa," alisema mwalimu kwa upole.

"Sema, bibi," Bi Mayasa akadakia. "Mficha uchi hazai."

Maskini, hakujua anamwambia nani. Shufaa aliona aibu, akaona hasira, kisha akaogopa kweli. Akinyamaza, mtoto anakosa mume. Akisema, yeye anakosa mtoto. Batuli alikuwa ametokea mlangoni na sinia la kahawa, macho mekundu.

"Hesabu upya, mwalimu. Mama yake ni Mwanabaraka, marehemu dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo."

Mwalimu akahesabu upya. Nyota zikapatana, tena vizuri mno, na Bi Mayasa akapiga kigelegele peke yake uani. Batuli aliweka sinia chini, akamimina kahawa, akampa kila mtu kikombe chake. Cha Shufaa alikiacha kwenye sinia.

Harusi ilikuwa wiki ya pili yake. Gari la bibi harusi lilikuwa limeshawashwa wakati Batuli alipoinama kuaga. Tangu ajue kusema, kila asubuhi alikuwa akisema, "Shikamoo, mama."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," Shufaa akajibu, na gari likaondoka.

Wageni walipotawanyika alitoka uani kumwaga maji ya vyombo. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba katika hesabu ile ya kwanza majina yalikuwa mawili, na moja lilikuwa lake. Akainua uso. Fardi ilikuwa juu ya utosi wake.