Kikombe Chenye Jino

Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, hata mke wake. Kazi yake ilikuwa kupita duka hadi duka na sanduku la mawe ya shaba, akipima mizani za watu na kuzigonga muhuri. Alikuwa mkali kama pilipili. Muuza nyama mmoja aliwahi kumwapia kwamba kidole chake kiligusa sahani ya mizani kwa bahati mbaya tu, naye akamjibu mbele ya wateja, "Kidole nacho kina uzito, bwana." Msemo huo aliupenda mno. Aliurudia harusini na msibani, mpaka watu wakauzoea kama kikohozi chake.

Nyumbani alikuwa na ugonjwa mwingine. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza bia stoo. Alichemsha kimea cha shayiri na maua makavu machungu, akatia hamira, akaacha vichachuke kwenye mitungi mitatu ya kioo iliyobwabwaja mchana kutwa kama tumbo la mtu aliyekula maharage mabichi. Bia ya watu wengine hakuinywa, aliihukumu. Aliinusa, akaiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja na kusema, "Inaanza vizuri, lakini haimalizi." Shemeji yake, mdogo wa mke wake, alijibu kwamba bia zote humalizwa na mnywaji.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na vyerehani vyake viwili vilikuwa sebuleni. Wageni walikalia pini. Mkaguzi mwenyewe alishawahi kwenda kazini na kipande cha uzi mwekundu kimening'inia sikioni, akapima mizani kumi na moja bila mtu kumwambia kitu. Fundi aliitaka stoo, na alikuwa na haki ya kuitaka.

"Mkaguzi," alimwambia asubuhi moja, "hebu tufanye kwa haki, kama unavyopenda. Jumapili mchana tuonje bia nne, yako na tatu za dukani, kila muonjaji kafungwa macho. Yako ikiongoza, stoo ni yako, sitaigusa tena. Isipoongoza, mitungi itoke, vyerehani viingie."

"Waonjaji kina nani?"

"Wewe, mdogo wangu na mama."

Kusikia mama, Mkaguzi akaketi. Mama mkwe wake alikuwa ameonja chai kiwandani miaka thelathini na moja. Alichota kijiko, akavuta kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, akazungusha mdomoni, akatema, akataja daraja. Hakumeza kamwe. Siku ya harusi yao alionja mchuzi, akautema kwenye leso, akasema, "Daraja la pili," na mpaka leo Mkaguzi hakuwa na uhakika kama alimaanisha mchuzi au bwana harusi.

Tatizo ni kwamba hakuiamini bia yake. Ile ya mwezi uliopita ilikuwa na ladha ya sabuni. Hii mpya, ya kahawia, alikuwa ameionja mara nyingi mno mpaka hakujua tena kama ni tamu au ameizoea tu. Jumamosi, Fundi alipokwenda kupeleka gauni la mteja, Mkaguzi alichukua tupa kwenye sanduku lake la kazi, akachagua kimoja kati ya vikombe vinne vya udongo vilivyofanana, akakichonga jino dogo chini ya mkono wake wa kushikia. Halikuonekana, lakini kidole gumba kililijua mara moja. Alijiambia kwamba huo si wizi, ni tahadhari. Hata muuza nyama alikuwa na neno lake la kujitetea.

Jumapili alimwambia mke wake, "Yangu niache niimimine mwenyewe. Ina machicha chini, inataka mkono uliotulia." Akaimimina kwenye kikombe chenye jino, akatoka jikoni akipiga mluzi. Fundi akabaki kumimina tatu za dukani: ya ngano, ile chungu sana, na nyeusi. Mama mkwe akaingia kunawa mikono. Mkaguzi alisikia maji na vikombe vikigongana, hakujali.

Utaratibu aliupanga mama mkwe, maana kazini kwao ndivyo walivyofanya. Muonjaji mmoja anaingia chumba cha kulia na kufungwa macho kwa bitana nyeusi, wengine wanakaa barazani. Anashika kikombe, anachota kwa kijiko, anamnong'oneza Fundi alama mpaka kumi na neno moja la hukumu. Akimaliza, Fundi anabadili mpangilio wa vikombe kabla ya anayefuata.

Mama mkwe alitangulia. Mkaguzi aliegemea mlango kama mtu anayepunga upepo, sikio limebanwa kwenye ubao. Mvuto mrefu, kimya, pwi! Mvuto, kimya, pwi! Mvuto, kimya. Akangoja. Pwi haikuja. Badala yake kijiko kiligonga kikombe, mvuto ukarudiwa, na kimya tena.

"Shemeji," alinong'ona, "mama kameza."

"Labda kiu."

"Yule? Kiu?" Bia iliyomezwa na mama mkwe bila shaka ilikuwa ya dukani, iliyopikwa na watu wenye mashine na makoti meupe. Alijiona akibeba mitungi mbele ya majirani.

Shemeji aliingia na kutoka kabla kiti hakijapoa. Zote alizipa kumi. Hukumu yake kwa zote nne ilikuwa, "Ongeza."

Zamu ya Mkaguzi ikafika. Kikombe cha kwanza, laini. Tano. Cha pili, laini. Alichota, na mdomo ukajaa kitu kama ukoko wa mkate uliobabuka kidogo, asali kwa mbali, na uchungu mdogo uliokuja mwishoni bila kugombana na mtu. Akasita. Ulimi ulimwambia neno, kidole kikakataa. Basi ndiyo hii, alifikiri, ndiyo ile iliyomezwa. Wivu ukamshika.

"Mbili," akanong'ona. "Andika: imepikwa na mtu asiyejua kuosha mtungi."

"Una hakika?" Fundi aliuliza.

"Andika."

Cha tatu kilikuwa na jino. Bia yenyewe ilikuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa, lakini mzazi hamkani mwanawe. "Kumi. Andika: kazi ya fundi aliyetulia, asiye na haraka." Cha nne akakipa tano bila hata kufikiri.

Wakakaa mezani wote, na Fundi akasoma karatasi yake ya kukatia nguo. Chungu, ishirini. Ya ngano, ishirini na mbili. Nyeusi, ishirini na tatu, imeongoza.

"Na yangu?"

"Ishirini na moja. Mdogo wangu kumi. Mama tisa." Akainua macho. "Wewe mbili."

"Mbili niliipa ile nyingine! Yangu nimeipa kumi!"

"Ulijuaje ni yako?"

Mama mkwe alikuwa ameshika kikombe, kidole gumba chake kikitembea polepole chini ya mkono.

"Nilimwambia mwanangu ahamishe," alisema. "Anayejua hamimini. Ndiyo sheria ya kazi. Yako ikaenda mle, nyeusi ikaja humu. Sikumfikiria mtu vibaya, baba." Kidole kikasimama. "Hiki kina jino. Limechongwa kwa tupa."

Wanasema mwamba ngoma huvutia kwake. Huyu alikuwa ameivuta kwa nguvu zote, mpaka kwa jirani. Angeipa tano, tano tu kama alivyozipa nyingine, stoo ingekuwa yake. Aibu ilimpanda, na iliyomuuma si ile ya kukamatwa. Mwanamke ambaye hajameza kitu miaka thelathini na moja alikuwa amemeza bia yake mara mbili, naye mwenyewe ndiye aliyeitema.

Alikwenda stoo, akakumbatia mtungi wa kwanza, akautoa. Shemeji akabeba wa pili. Fundi alisimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, akitazama kuta zake mpya, lakini hakucheka, na alipopitwa na mumewe alimfuta vumbi begani.

Mkaguzi aliporudi kuchukua wa tatu, mama mkwe alikuwa bado mezani. Kijiko alikuwa amekiweka kando. Alimsogezea kikombe kitupu kilicho laini.

"Baba," alisema, "ile ya mtu asiyejua kuosha mtungi, imebaki?"