Upande wa Pili wa Kaseti ya Suheir

Wageni wa msiba walikuja, wakanywa kahawa bila sukari, wakaondoka, na Wagdi alikuwa hajalia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuwapo, basi, kama maji ya bomba la ghorofa ya nne pale Port Said wakati wa joto: unafungua, linakohoa, hakitoki kitu. Watu walimpa pole, akawajibu vizuri. Alikula alichowekewa. Mke wake, Suheir, amekufa. Alijua hivyo, lakini habari yenyewe ilimpita kama ya mtu wa mtaa mwingine.

Jikoni Kurani ilikuwa ikisomwa tangu siku ya mazishi. Shemeji yake Insaf, dada wa marehemu, aliyekaa ghorofa ya chini, alipanda kila asubuhi, akaiwasha kwenye redio kaseti ndogo juu ya friji, kisha akaanza kupika. Wagdi aliisikia siku nzima bila kuisikiliza.

Alasiri moja aliamua kwamba leo atamsikia Suheir mwenyewe. Labda sauti yake itafungua kitu. Ilianza kumtia hofu, hali hii ya kuwa mkavu.

Sauti alikuwa nayo kwenye kaseti moja. Alipokuwa Kuwait akifunga mabomba, waliandikiana kwa kaseti, kama jengo zima lilivyofanya. Nani alikuwa na hamu ya kushika kalamu? Suheir alikaa jikoni akarekodi upande wa kwanza, akampa mtu anayesafiri. Wagdi akasikiliza, akamjibu upande wa pili, ikarudi. Kaseti ileile, maneno mapya juu ya ya zamani. Waite wabahili ukitaka, lakini wao waliona ndiyo akili. Ile ya mwisho Wagdi hakuijibu. Kazi iliisha, akarudi mwenyewe na sanduku begani. Suheir alimtania miaka yote: "Wewe mwanamume, barua yangu hujaijibu mpaka leo."

Ndani ya sanduku mlikuwa na deki, mashine ya kurekodi na kuchezea kaseti, na hapo Wagdi alikuwa hashikiki. Mbao ubavuni, mishale miwili inayocheza nyuma ya kioo chenye mwanga wa manjano, mlango unaofunguka taratibu bila kelele. Vichwa vitatu, aliwaambia wageni kabla hawajakaa: kimoja kinafuta, kimoja kinarekodi, cha tatu kinakusomea papo hapo kilichorekodiwa, uvae visikilizio ujue kimeingiaje. Deki hili haliongezi kitu wala halipunguzi, alisema. Na likifuta, limefuta. Redio kaseti za sokoni zinaacha mzimu wa wimbo wa zamani chini ya mpya. Hili halikuachii hata pumzi. Suheir alikuwa akileta chai na kuwakonyeza wageni.

Sasa Wagdi alivuta droo. Kasha lilikuwepo, lenye mwandiko wake: Suheir. Ndani hamkuwa na kitu.

"Shemeji," aliita. "Ile kaseti ya njano umeiona?"

Insaf alitokea mlangoni akifuta mikono. "Si hiyo inayosoma jikoni, shemeji. Siku ya mazishi redio ya jikoni ilikuwa inakoroma, nikaona aibu nyumba ikae bila Kurani. Nikarekodi kwa deki lako kisomo cha idhaa, kutoka redio kubwa ya sebuleni. Nilijaribu kaseti zako zote, kitufe kinakataa kushuka. Hiyo tu ndiyo iliyokubali."

Bila shaka zilikataa. Kila kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukivunja kijino, haifutiki tena. Wagdi alikuwa amevunja vya nyimbo zake zote, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya kisu. Hii aliiacha. Hii alikuwa bado anakusudia kuijibu.

"Nimekosea?" Insaf aliuliza.

Utamgombeza mtu kwa kumsomea dada yake Kurani? Wagdi alitafuta hasira ndani yake, hata hiyo hakuiona. "Hapana. Umefanya vizuri. Ulirekodi mpaka mwisho?"

"Mpaka waliponiita nikamwoshe. Nikazima, nikaenda."

"Na jikoni huwa unaiacha mpaka mwisho?"

"Msomaji akinyamaza tu nairudisha mwanzo. Niache isome nini tena?"

Wagdi alikwenda jikoni, akaitoa kaseti, akaitia kwenye deki, akavaa visikilizio. Insaf akarudi kwenye wali wake wa samaki. Wagdi hakuikimbiza tepu mbele. Alisikiliza kisomo chote, mikono magotini, macho kwenye mishale. Ilikuwa safi kabisa. Kati ya aya na aya alitega sikio apate chochote cha chini, na chini hakukuwa na kitu. Deki lake lilikuwa limefanya kazi yake.

Msomaji alikatwa katikati ya neno. Kikapita kimya cha kufumba na kufumbua. Kisha sauti ya shhh, nzito, ya redio kaseti ya jikoni. Wagdi aliichukia sauti hiyo maisha yake yote, na deki lilikuwa na swichi ya kuichuja. Swichi ilikuwa imewashwa. Akaizima, ili asipoteze kitu, na humo ndani ya tepu sufuria ikagongwa, na Suheir akasema karibu kabisa:

"...basi nimechoka kusema na friji. Zamu yako sasa. Geuza unijibu, na usikimbize maneno kama mtu aliyepiga simu ya kulipia. Nipo, nasikiliza."

Tepu ikafika mwisho, kitufe kikaruka. Hayo ndiyo yaliyobaki.

Wagdi alikaa. Kifua kilikuwa kilekile, kikavu. Akaitoa kaseti, akavunja kijino cha upande ule kwa ukucha. Akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na kijino chake bado. Akachomeka maikrofoni, akasubiri mishale itulie, akabonyeza kurekodi.

"Suheir," alisema. "Ni mimi. Nimechelewa kidogo kukujibu. Insaf anapika, chumvi anazidisha kama kawaida. Mimi sijambo."

Maneno yalimrudia visikilizioni, nyuma yake kwa nusu pumzi, kama kichwa cha tatu kinavyofanya. Akanyamaza asikilize yameingiaje. Mtu aliyekuwa akisema sijambo alikuwa analia, kwa kwikwi, pua imeziba, maneno hayashikiki. Wagdi aligusa shavu, akakuta limelowa mpaka shingoni. Hakujua kilio kilianza lini. Lakini deki lile haliongezi kitu, aliwaambia watu hivyo miaka yote, akaacha tepu iendelee.