Mwaka Niliomkataza Baba Ufagio

Waulize watu wa huku mlimani, watakwambia hapakuwa na ua uliotunzwa kama ua wa mama yangu, Magdalena. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda misheni walipunguza mwendo makusudi ili wauone vizuri. Sisemi haya kwa kujisifu. Basi, najisifu kidogo, na haki ya kujisifu ninayo, kama utakavyosikia.

Ua wetu ulichongwa ubavuni mwa milima ya Uluguru, juu ya misheni, mahali ambapo ukungu ukiondoka unauona mji wa Morogoro kule chini na moshi wa garimoshi, ambalo Wadachi walikuwa ndiyo kwanza wamelifikisha. Nyuma ya nyumba mlima unapanda, mbele unashuka. Kwa hiyo kila tone la mvua lilitafuta njia ya kupitia kwetu. Mama na baba walishindana na maji yale miaka yote ya ndoa yao, na kila kiangazi kilipofika nyumba ilikuwa bado imesimama.

Mama alifariki masika yakiisha. Tukamzika kando ya migomba yake.

Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba yangu, Agustino, alipanda mlimani akiwa kijana akitokea bondeni, upande wa Dakawa, akajenga, akalima, akazaa, lakini kiwanja hakikuwa chake hata siku moja. Mke akifa, mume hukaa mpaka mwaka utimie na pombe ya kuondoa tanga inywewe, kisha hufunga mizigo yake na kurudi kwa mama yake. Mama yake baba alikwisha kufa zamani. Huko Dakawa alibakiwa na wapwa ambao hata sura zao hakuzijua.

Baada ya maziko, mjomba Fransisko, kaka wa mama na mkubwa wa ukoo wetu, alisimama katikati ya ua. Alikuwa mtu wa akida, na siku zile mtu wa akida akisema watu washuke kuchimba barabara, wanashuka bila kuuliza jua linawaka au halijawaka.

"Kiwanja hiki kinataka mwanamke wa kukishika," akasema. "Yupo Paskalia, na yupo Regina."

Regina ni binti wa mama yangu mdogo. Alilelewa kwa masista wa misheni, na alijua kushona mpaka huoni sindano ilipopita. Jembe, hapana. Lakini alinizidi umri, na watu walimpenda kwa upole wake, kosa ambalo mimi sijawahi kushtakiwa nalo.

"Kiwanja ni cha mama yangu," nikasema.

"Ndiyo maana nakupa mwaka," mjomba akajibu. "Lakini nataka nikuone wewe. Wote tunajua mikono iliyoutunza ua huu ni ya Agustino. Shemeji, sikutukani, nasema kweli. Ukigusa jembe humu, ukigusa hata ufagio, nitajua ua umeshikwa na mgeni, na Regina atahamia hapa."

Baba hakuwa mtu wa kuinamia watu. Akida mwenyewe akipita, baba alisubiri aamkiwe kwanza. Nilitegemea atamjibu mjomba maneno makali, lakini alisema tu, "Nimesikia, shemeji," akaenda kukaa mlangoni.

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilikitaka kiwanja kile kwa sababu ni changu, na nilitaka baba azeeke hapo alipochoka kwa kazi. Hilo la pili sikujua nitalifanyaje. Nilijua tu kwamba Regina akikipata kiwanja, baba hatakuwa na hata mtu wa kumsemea.

Kesho yake alfajiri nikasikia ua unafagiliwa. Nikatoka mbio.

"Baba, weka chini!"

Aliutazama ufagio ule mkononi mwake kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Nimesahau, mwanangu."

Alisahau tena siku iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Ikabidi ufagio niufiche chini ya kitanda changu, na jembe nalo, na panga.

Kipupwe kikaingia na baridi yake. Nikang'oa majani yaliyoota wakati wa masika, nikayafuata mpaka kwenye mizizi, maana ukiyakata juu unayafurahisha tu. Nikachimba udongo mwekundu kule kijitoni, nikausiriba mbele ya nyumba ukawa laini. Nikaondoa majani makavu ya migomba, nikakata mashina yaliyokwisha kuzaa, nikayatandaza chini yaoze. Viganja vyangu vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Baba alikaa kwenye kigoda chake akiwa amekalia mikono yake miwili. Nikimwonea huruma, nilimpa maharage achambue. Aliyachambua mpaka yakaisha, akayachanganya upya, akaanza tena.

Kiangazi kikaja na moto. Watu wa chini wakichoma mashamba yao, upepo huupandisha moto mlimani, na nyumba ya nyasi haina ujanja mbele ya moto. Nikafyeka kuuzunguka ua wote, nikaacha njia tupu ya udongo ambayo moto hauwezi kuivuka. Kisha nikakata nyasi za kuezekea. Kuezeka ni kazi ya wanaume, kila mtu anajua. Hakuna aliyewahi kuwakataza wanawake, kwa sababu hakuna aliyefikiri atatokea wa kupanda. Nikapanda.

Wanawake waliotoka misheni wakasimama njiani, Regina akiwa kati yao.

"Paskalia, shuka! Utavunjika!" Regina akaita.

"Nikivunjika nitaangukia kwenye ua wangu," nikamjibu.

Wakacheka wote. Baba aliingia ndani akafunga mlango, maana ngazi ilikuwa inayumba na yeye haruhusiwi kuishika.

Kabla ya vuli nikachimba mfereji nyuma ya nyumba, wa kuyakinga maji ya mlima na kuyapeleka pembeni. Nilichimba kwa haraka, nikaupenda sana mfereji wangu. Baba akaja kuutazama. Akafungua mdomo, akaufumba.

"Baba, kuna nini?"

"Sijagusa kitu."

"Nakuuliza kuna nini."

"Mjomba wako alisema ua ushikwe na wewe. Mimi nikikufundisha, nimeushika mimi."

Siku ya pili akajitwisha kabichi, akashuka nazo Morogoro kuwauzia Wadachi. Hakurudi. Nikadhani soko ni zuri.

Mvua ikanyesha. Maji yakaingia mferejini vizuri kabisa, nikapiga makofi mlangoni peke yangu. Yalipofika kwenye kona ya jiko yakashindwa kukata, kwa sababu kona niliichimba kali mno. Yakaruka, yakaja mbele, yakabeba ukingo wa ua pamoja na matuta yangu yote ya mboga, yakaenda navyo bondeni. Nilikaa kwenye tope nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba alishuka mjini. Aliogopa macho yake yataishinda ahadi yake.

Nikauchimba upya. Safari hii niliupitisha mbali, taratibu, nyuma ya migomba, kwa kona pana. Nikapanga mawe ya kijitoni chini yake, nikajenga ukingo wa ua kwa mawe yaleyale, nikiyabeba mojamoja kichwani. Baba aliporudi aliuona mfereji. Akatembea kando yake mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma.

"Hm," akasema.

Hm ile ya baba nisingeiuza hata kwa ng'ombe. Nilifanya kazi juma zima nikiimba.

Masika yakarudi, makubwa kuliko ya mwaka uliopita. Chini kule njia ya misheni ilibomoka. Ua wetu haukupoteza hata kokoto, na mvua zilipopungua, mwaka wa mama ulikuwa umetimia.

Nikapika pombe. Ukoo ukakusanyika, wazee, akina mama, Regina na gauni lake jeupe. Mjomba Fransisko hakukaa. Alizunguka nyumba, akaingiza mkono kwenye nyasi za paa, akautikisa ukingo wa mawe kwa mguu, akaomba mtungi wa maji akaumwaga mferejini na kuyafuata maji yalikokwenda. Akamtazama baba mikononi. Mikono ya baba ilikuwa imelainika kama ya karani, na nadhani ndiyo iliyommaliza mjomba.

"Ua huu una mwenyewe," akatangaza. "Paskalia, kiwanja ni chako."

Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni Regina. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Kisha mjomba akamgeukia baba, ambaye mkeka wake ulikuwa umekwisha kufungwa, upo mlangoni. "Shemeji, umeishi nasi vizuri. Ukoo unakushukuru. Nenda salama."

Baba akainama kuchukua mzigo wake.

"Mjomba," nikasema, "umesema kiwanja ni changu?"

"Ni chako."

"Mgeni anayetaka kukaa kwenye ardhi yetu, si anamletea ngoto mwenye kiwanja?" Ngoto ni zawadi tu, kuku au kapu la mahindi, inayotolewa kwa magoti na salamu, kukiri mbele za watu kwamba ardhi ina mwenyewe.

"Analeta. Ikipokewa, anakaa."

"Basi mimi napokea wageni."

Watu wakacheka, mpaka walipoelewa. Mzee mmoja akasema, "Baba mzazi apige magoti kwa binti yake?"

"Desturi haikatazi," mjomba akasema polepole. "Ila sijawahi kumwona mwanamume wa kulifanya hilo."

Mwaka mzima nilikuwa nimeufikiria ukoo, na mvua, na Regina. Sikuwa nimefikiri nitamwomba nini mtu asiyemwamkia kwanza hata akida.

Baba akautua mzigo. Akaenda nyuma ya nyumba bila kumtazama mtu, tukasikia kuku wakipiga kelele. Akarudi na jogoo wake mwekundu, akapita katikati ya wazee wote, akapiga magoti kwenye udongo nilioufagia asubuhi ile, akaninyooshea jogoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwenye kiwanja," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Tangu nizaliwe, mimi ndiye niliyemwamkia yeye. Ukoo mzima ulikuwa unanisubiri, kwa sababu nisipoitika, ngoto haijapokewa na baba ataondoka. Ndipo alipoinua uso, nikayaona macho yake. Hayakuwa na aibu hata chembe. Baba yangu alikuwa ananijivunia mbele ya ukoo ambao haukuwa wake.

Nikanyoosha mgongo, nikampokea jogoo.

"Marahaba," nikaitika. "Karibu, ukae."